Maswali na Majibu: Mabomba ya kushusha maji kwenye tangi la samaki la mtumba

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua tangi la samaki kutoka kwa familia iliyokuwa ikirejea kwao Marekani. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 55, na limekuja na kabati lake pamoja na sampu, yaani lile tangi dogo la chini, yenye urefu wa sentimita 75, upana wa 35 na kimo cha 40. Kwenye kona ya nyuma ya tangi kubwa kuna kisanduku cheusi chenye meno juu, na ndani ya kisanduku hicho kioo cha chini kimetobolewa matundu mawili, moja kubwa na jingine dogo. Mabomba ya zamani yalikatwa kwa msumeno wakati wa kuhama. Fundi bomba wangu amependekeza mambo matatu: tununue bomba la PVC la milimita 32, tuyaunganishe matundu yote mawili kwa tii moja ili maji yashuke kwa bomba moja tu hadi kwenye sampu, na tuweke pampu ya lita 4,000 kwa saa ili maji yasafike haraka. Nafuga samaki wa Ziwa Nyasa. Hofu yangu kubwa ni umeme: ukikatika usiku, sitaamka na kukuta sebule imejaa maji?
Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ndiyo mahali hasa pa kuanzia. Mfumo wa kushusha maji hupimwa katika nyakati mbili, umeme unapokatika na bomba linapoziba. Nje ya nyakati hizo hata bomba lililofungwa ovyo litashusha maji bila mtu kulalamika. Nitayatazama mapendekezo ya fundi wako kwa jicho hilo, nami namwomba radhi mapema, kwa kuwa mawili siyakubali, na lile la bomba la milimita 32 lina tatizo ambalo yeye hakuwa na namna ya kulijua kabla ya kujaribu.

Tuanze na tii. Matundu mawili yakiunganishwa na kuwa bomba moja, kinachobaki ni bomba moja. Konokono, jani la mmea au samaki aliyekufa akikwama chini ya ile tii, njia zote mbili zimefungwa kwa pamoja, na pampu iliyoko chini haina habari. Itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Kila tundu linatakiwa kuwa na bomba lake lenyewe kuanzia kwenye kioo hadi ndani ya sampu, bila kukutana na jingine mahali popote.

Matangi ya Marekani ya aina yako kwa kawaida hutobolewa tundu kubwa kwa ajili ya konekta (kile kiungio kinachopita kwenye tundu la kioo na kubanwa kwa nati) ya inchi moja, ambalo ni la kushushia maji, na tundu dogo kwa ajili ya konekta ya robo tatu inchi, ambalo mtengenezaji alilikusudia kuwa la kupandishia. Ushauri wangu ni kuliacha kusudio hilo la mtengenezaji. Fanya matundu yote mawili yawe ya kushushia, na bomba la kupandisha maji lipitishe nje, nyuma ya tangi, likunjwe juu ya ukingo wa kioo. Halitapendeza sana machoni, lakini unapata kitu ambacho tundu moja haliwezi kukupa, yaani njia ya pili. Wafugaji wa samaki huuita mpangilio huu Herbie. Upo mwingine uitwao BeanAnimal, ambao una mabomba matatu na kwa maoni yangu ni bora zaidi, ila unahitaji tundu la tatu, na sioni sababu ya kutoboa kioo cha mtumba ambacho tayari kina matundu mawili mazuri.

Mpangilio wenyewe unafanya kazi hivi. Ndani ya kisanduku, bomba kuu, lile la inchi moja, linasimama fupi, mdomo wake ukiwa sentimita 15 hadi 20 chini ya meno, nalo hujaa maji tele bila hewa na kuvuta kama sifoni, yaani uzito wa maji yanayoshuka huyavuta yanayofuata. Bomba la dharura, lile la robo tatu, linasimama refu zaidi, mdomo wake ukiwa sentimita 4 hivi chini ya meno, na siku zote huwa karibu kavu. Kwenye bomba kuu, ndani ya kabati mahali ambapo mkono unafika bila taabu, unaweka valvu. Unaifunga kidogo kidogo mpaka maji ndani ya kisanduku yapande na kutulia karibu na mdomo wa bomba la dharura, kiasi kwamba tone au utepe mwembamba tu wa maji unapita humo. Hapo kelele zote hukoma, kwa sababu kelele ya bomba ni hewa, na sifoni iliyojaa haina hewa. Bomba la dharura halipewi valvu wala wavu wa kuzuia uchafu kwenye mdomo. Lolote linaloweza kuliziba ni adui wa nyumba yako.

Kwenye sampu, mwisho wa bomba kuu uzame ndani ya maji sentimita 2 au 3 tu. Ukizama zaidi, hewa iliyobaki ndani ya bomba wakati umeme ukirudi hushindwa kusukumwa nje na sifoni huchelewa kuanza au haianzi kabisa. Mwisho wa bomba la dharura, kinyume chake, uache juu ya maji. Siku bomba kuu litakapoanza kuziba, maji yatadondoka kutoka humo kwa kishindo, na kishindo hicho utakisikia hata ukiwa jikoni. Nimewahi kuona mafundi wakilizamisha na hilo ili kuondoa kelele, na kwa kufanya hivyo wakaondoa king'ora pekee ambacho mwenye tangi alikuwa nacho.

Sasa umeme. Pampu inaposimama, maji hushuka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kisanduku, ambacho huendelea kumwaga mpaka maji ya tangi yafike chini ya meno na maji ya kisanduku yafike kwenye mdomo wa bomba kuu. Ya pili, ambayo watu wengi huisahau, ni bomba la kupandishia lenyewe: mdomo wake ukiwa ndani ya maji, hugeuka kuwa sifoni na kuyarudisha maji chini mpaka mdomo huo ukutane na hewa. Fanya hesabu ya tangi lako. Eneo la uso wa maji ni 120 mara 50, yaani sentimita za mraba 6,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba la kupandishia ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 30 zitarudi. Ongeza lita 3 au 4 za kisanduku na lita moja hivi iliyomo kwenye mabomba, unafika karibu lita 35. Sampu yako ina eneo la 75 mara 35, yaani sentimita za mraba 2,625. Lita 35 zitainua maji humo kwa sentimita 13 na zaidi kidogo. Uusogeze mdomo huohuo uwe sentimita 2 tu chini ya uso, jumla inashuka hadi lita 17 hivi, na maji ya sampu yanapanda sentimita 6 na nusu.

Tofauti hiyo ya sentimita 7 umeipata bure, bila kununua kitu. Kwa hiyo uweke mdomo karibu na uso wa maji, na kiwango cha maji cha kawaida ndani ya sampu kisizidi sentimita 25 kutoka chini, ili hata mdomo ukisogezwa kwa bahati mbaya wakati wa kusafisha kioo, bado ukingo wa sentimita 40 hautafikiwa. Wapo wanaotoboa kijitundu kwenye bomba la kupandishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili kivute hewa na kukata sifoni mapema. Ni msaada mzuri, ila mwani na konokono wadogo hukiziba, hivyo kikague kila unaposafisha. Valvu ya kuzuia maji yasirudi siipendekezi kama kinga ya kutegemewa. Samaki wa Ziwa Nyasa wanapenda maji yenye chokaa, na ukoko mdogo wa chokaa kwenye kifuniko cha valvu hiyo unatosha kuifanya ivuje polepole usiku kucha.

Fanya pia hesabu ya upande wa pili, yaani bomba kuzibwa huku pampu ikiendelea. Chumba cha pampu ndani ya sampu kikiwa na upana wa sentimita 20, kwa ule upana wa sampu wa 35, na maji ya kina cha sentimita 20, kina lita 14. Hata pampu ikizipandisha zote, tangi la juu litaongezeka sentimita 2.3. Ukiacha nafasi ya sentimita 3 au zaidi kati ya uso wa maji na ukingo wa juu wa kioo, hakuna tone litakalofika sakafuni, hata kama mabomba yote mawili yamekufa. Ndiyo maana chumba cha pampu hakitakiwi kuwa kikubwa kuliko haja, ingawa kikubwa hupunguza kazi ya kujazia maji yaliyokauka.

Nirudi kwa fundi wako na bomba lake la milimita 32. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, bomba la milimita 32 na bomba la inchi moja huuzwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Bomba la Marekani la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4. La milimita 32 likiingizwa kwenye konekta iliyotengenezwa kwa ajili ya lile, linacheza, na gundi ya PVC haijazi pengo. Kazi yake ni kuyeyusha nyuso mbili zilizobanana ili ziwe kitu kimoja. Fundi atajaza gundi nyingi, itaonekana imeshika, halafu baada ya wiki kadhaa itaanza kutoa jasho. Ni vivyo hivyo kwa bomba dogo: robo tatu inchi ni milimita 26.7 kwa nje, wakati linalouzwa kama mwenzake ni la milimita 25.

Hesi nazo, yaani ile mikato ya skrubu kwenye viungio, zina mtego wake. Hesi za Marekani na za Uingereza, ambazo ndizo tulizozizoea huku, zina pembe tofauti, na kwa kipimo cha inchi moja hata idadi haifanani: 11 na nusu kwa kila inchi kwa ile ya Marekani, 11 kwa ile ya Uingereza. Inaanza kuingia vizuri, inakaza baada ya mizunguko michache, na fundi anadhani imefika. Kwa robo tatu inchi hali ni mbaya zaidi, maana zote mbili zina hesi 14 kwa inchi, hivyo huingia karibu kabisa, kisha huvuja. Tepu nyeupe haiponyi tatizo hili.

Suluhisho ni moja tu: toa konekta zote mbili za zamani na uweke mpya zinazolingana na mabomba utakayoyapata dukani. Ungelazimika kuzitoa hata hivyo, kwa sababu gasketi ya mpira iliyokaa miaka imebanwa huwa ngumu na hairudi tena katika umbo lake. Unapofungua, kumbuka kwamba nati za baadhi ya konekta hufunguka kinyume na mazoea. Ikigoma, jaribu upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu, kwani nguvu hiyo yote inaishia kwenye kioo. Pima kipenyo cha tundu la kioo kwa rula, uende nacho dukani kikiwa kimeandikwa kwa milimita, na usiamini maneno “tanki konekta ya inchi moja”, kwa sababu kila mtengenezaji ana tundu lake. Tundu likiwa kubwa kidogo kuliko hesi ya konekta si neno, mradi kichwa cha konekta na gasketi vinalifunika pande zote kwa nafasi ya kutosha.

Gasketi hukaa upande wa kichwa cha konekta, ndani ya tangi kwenye maji, wala si upande wa nati. Kioo kifutwe kiwe kikavu na laini, ukoko wa chokaa uondolewe kwa siki. Usipake silikoni kwenye gasketi. Hufanya iteleze na kutoka mahali pake inapobanwa. Kaza nati kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana, basi.

Kuhusu pampu, lita 4,000 ni nyingi mno. Tangi lako lina takriban lita 300, na maji kupita kwenye sampu mara 4 au 5 kwa saa yanatosha, yaani lita 1,200 hadi 1,500. Sifoni ya inchi moja iliyojaa, katika kimo cha kabati la kawaida, hupitisha zaidi ya lita 3,000 kwa saa, na ile ya robo tatu hupitisha karibu lita 2,000 ikijaa. Namba ya kutazama ni hiyo ya pili. Bomba la dharura linatakiwa liweze kubeba maji yote ya pampu peke yake, na pampu ya lita 4,000 ingelishinda. Kumbuka pia kwamba lita zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa bila pampu kupandisha maji popote. Zikipanda mita moja na nusu, pampu ndogo inaweza kubakiwa na nusu tu ya namba hiyo, hivyo soma mchoro ulio kwenye karatasi ya maelekezo. Na kama familia hiyo imekuachia pampu yake, tazama kibandiko: pampu ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 haimalizi hata siku.

Mabomba yenyewe yashuke moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Pale ambapo lazima yapinde, elbo mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya nyuzi 90, na kusiwe na sehemu inayolala kabisa wala inayoshuka kisha ikapanda, kwa maana hewa hujificha hapo. Chini kidogo ya kila konekta weka yunioni, yaani kiungio kinachofunguka kwa mkono, ili siku ukitaka kulihamisha tangi usilazimike kukata tena kwa msumeno kama walivyofanya waliokuuzia. Kata bomba kwa unyoofu, toa vinyuzi kwa kisu, piga msasa, futa, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo ya mzunguko na ushikilie kwa nusu dakika. Kabla ya gundi yoyote panga kila kitu kikavu na uweke alama kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya gundi, maji yasiingie kwa saa 24.

Kisha lijaze tangi likiwa bado nje au barazani, juu ya mahali palipopimwa kwa pima maji, uliache siku mbili. Uzime umeme, utazame sampu inavyopanda, uweke alama hapo iliposimama. Washa, subiri sifoni ijianzishe yenyewe, zima tena. Rudia mpaka uchoke. Mfumo ambao sifoni yake haijirudii bila kusaidiwa kwa mkono haujakamilika, hata ukiwa kimya kiasi gani. Neno la mwisho kwa waliokuuzia, kama bado wanapatikana kwa simu: waulize kama waliwahi kutumia dawa yenye shaba ndani ya tangi hilo. Silikoni na changarawe huihifadhi shaba, na ingawa samaki wako wanaweza kuivumilia, konokono na kamba hawawezi.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu Mhariri. Mimi ninalo tangi la maji ya bahari, pia la mtumba, lenye bomba moja la kushushia ambalo juu lina tii na elbo iliyoelekezwa chini, na kifuniko chenye kijitundu. Kila baada ya dakika moja hivi linagugumia kwa sauti kubwa, maji ndani ya kisanduku yanashuka ghafla, kisha yanapanda tena taratibu na kelele inarudi. Jirani amenambia niweke valvu ya shaba kwenye bomba hilo ili kuyatuliza maji. Naomba shauri.
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Bomba ulilo nalo huitwa Durso, na kugugumia huko kuna sababu ya wazi. Maji yanapanda ndani ya kisanduku mpaka yanaujaza mdomo wa bomba, sifoni inaanza na kuyafyonza kwa nguvu, mdomo unabaki wazi, hewa inaingia, sifoni inakatika, na mzunguko unaanza upya. Durso haikuundwa kuwa sifoni. Imeundwa ili maji yashuke yakitambaa kwenye kuta za bomba huku hewa ikipita katikati. Hewa hiyo inaingia kwa kile kijitundu cha kifuniko, na chako ama ni kidogo mno ama kimezibwa na chumvi iliyokauka, jambo la kawaida sana kwa maji ya bahari. Kisafishe kwanza. Kelele ikibaki, kipanue kwa drili kwa hatua za milimita moja moja, ukisikiliza kila mara. Ukikipanua kupita kiasi, kugugumia kutaisha lakini kutakuja mvumo wa hewa usiokoma, na utakuwa umeharibu kifuniko. Ndiyo maana wengi huchomeka hapo kimrija chenye koki ndogo ya hewa, ile ya plastiki inayotumika kwenye pampu za hewa, ili warekebishe bila kutoboa tena.

Tazama vilevile mwisho wa bomba kwenye sampu. Ukiwa umezama sentimita 10 au zaidi, hewa inayoshuka na maji haina pa kutokea ila kwa mapovu makubwa yanayopasuka, nawe unayasikia kama ngoma. Uinue ubaki sentimita 2 au 3 ndani ya maji.

Ama shauri la jirani yako, usilifuate, kwa sababu mbili. Bomba lako ni moja tu, na bomba la kushushia lisilo na mwenzake halifungwi valvu hata kidogo. Ukilibana leo likawa sawa, ukoko na uchafu utalibana zaidi mwezi ujao. Pili, shaba na maji ya bahari havikai pamoja. Chumvi itaila valvu hiyo, na kinachotoka humo kitawaua kwanza viumbe wasio na uti wa mgongo, matumbawe yakiwa miongoni mwao.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tangi langu halikutobolewa. Aliyeniuzia alikuwa akitumia kisanduku kinachoning'inia ukingoni, chenye mrija uliopinda kama herufi U iliyogeuzwa. Linafanya kazi vizuri, lakini mara mbili umeme ulipokatika na kurudi nikiwa kazini, nimekuta maji sakafuni. Nitoboe kioo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mrija huo hubaki na maji pampu ikisimama, na kwa sababu hiyo huweza kuendelea umeme ukirudi, ila mapovu yakijikusanya kwenye kilele chake, maji hukatika, na pampu ikirudi hupandisha huku hakuna kinachoshuka. Uliyoyakuta sakafuni ni maji ya chumba cha pampu. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria kutoboa, punguza maji ya chumba hicho hadi kiasi ambacho tangi la juu linaweza kukipokea chote bila kufurika, kwa hesabu niliyompa msomaji wa Mbezi Beach. Hilo unaweza kulifanya leo jioni.

Kutoboa ndiyo dawa ya kudumu, lakini jua kwanza kioo chako ni cha aina gani. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hupasuka chote vipande vidogo mara tu drili ikikigusa, na vioo vya chini vya matangi mengi ya viwandani ni vya aina hiyo. Weka skrini ya kompyuta mpakato, ikiwa nyeupe kabisa, nyuma ya kioo, na ukitazame ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaroidi, ukiinamisha kichwa upande mmoja kisha mwingine. Ukiona mistari au madoa meusi yaliyopangika, acha. Usipoyaona, toboa kioo cha nyuma karibu na juu, kwa kikombe cha kutobolea chenye almasi, drili ikizunguka polepole, maji yakimwagika hapo muda wote, bila kukandamiza. Kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo pabaki nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe. Na ukishashika drili, toboa mawili.

SWALI: Mabomba ya PPR ndiyo yanayopatikana kirahisi huku kwetu na mafundi wanayo mashine ya kuyachomea. Naweza kuyatumia badala ya PVC?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaweza, nayo hayana madhara kwa samaki, ila ukuta wake ni mnene. PPR ya milimita 32 ya daraja la PN20 ina ukuta wa milimita 5.4, hivyo njia ya maji ndani yake ni milimita 21 tu na ushei, sawa na PVC ya robo tatu inchi. Ukitaka njia ya inchi moja halisi, nunua ya milimita 40; kipenyo chake cha ndani ni milimita 26.6. Mwambie fundi asisukume bomba kwa nguvu baada ya kulipasha moto, kwa maana plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani kama pete na kuibana njia, na pete hiyo huioni ukishaunganisha. Viungio vya PPR vyenye hesi vina shaba ndani yake: kwa maji baridi na samaki peke yao vinavumilika, kwa maji ya bahari tafuta vya plastiki tupu. Kiungio cha PPR hakifunguki tena isipokuwa kwa kukatwa, kwa hiyo yunioni mbili kwa kila bomba, moja chini ya tangi na nyingine juu ya sampu, zinunue pamoja na mabomba.